Mabonde ya Sakafu Hayazibwi kwa Gundi

Msomaji ameuliza: "Nimenunua marumaru asilia, vipande vya sentimita 60 kwa 120, unene sentimita 2, kwa ajili ya sebule ya mita 9 kwa 5. Mita 6 za kwanza ni zege la zamani lililopakwa rangi ya sakafu. Mita 3 zilizobaki ni zege tulilomwaga miezi miwili iliyopita, tulipobomoa ukuta wa nyuma na kuongeza chumba. Mazege hayo yanapokutana pana ufa mwembamba kama uzi. Fundi alipoweka rula ndefu ya alumini katikati ya sebule ya zamani tulikuta bonde la milimita 9. Anasema nisiwe na wasiwasi, mabonde atayamaliza kwa gundi wakati wa kulaza. Nimruhusu aanze?"

Hapana, asianze bado. Swali lako limebeba mambo matatu: bonde, ufa na zege changa. Fundi wako amezungumzia moja tu, na hilo ndilo jepesi kuliko mengine. Nitaanza nalo, kwa sababu hata hilo dawa aliyoitaja siyo.

Kwanza ujue umenunua nini. Kigae cha kiwandani na jiwe la kuchimbwa huweza kufanana kwa macho, lakini chini ya mguu havifanani hata kidogo. Kiwango cha kimataifa cha vigae, ISO 13006, kinataka kigae cha poseleni, yaani kile kigumu cha udongo uliochomwa kiwandani, kihimili kupindwa kwa angalau megapaskali 35. Kiwango cha Marekani cha marumaru ya ujenzi, ASTM C503, kinataka 7 tu. Yaani marumaru unaweza kuikanyaga miaka mia bila kuisumbua mradi imekaa juu ya kitu kigumu sehemu zote, lakini ukiiachia tundu chini yake ikawa kama daraja, inakatika, na mara nyingi inakatikia kwenye ile mishipa mizuri iliyokufanya uinunue. Kipande chako kimoja kina uzito wa karibu kilo 39. Sebule nzima itabeba takriban tani mbili na nusu za mawe. Zege lililolala juu ya ardhi halina shida na uzito huo. Shida ni nafasi tupu kati ya zege na jiwe.

Sasa gundi. Gundi ya vigae ni saruji, mchanga laini na viungo vingine, na inachanganywa na maji. Maji yakiondoka inasinyaa. Tabaka la milimita 5 likisinyaa huoni kitu. Katikati ya bonde lako, ili jiwe likae sawa na jirani zake, gundi itabidi iwe na milimita 14 hivi, huku pembeni ikiwa 5. Ile nene itasinyaa zaidi ya ile nyembamba, na jiwe la kilo 39 lililokaa juu ya rojo nene litazama lenyewe kabla rojo halijashika. Jioni fundi anaondoka mawe yote yakiwa sawa, asubuhi kona moja imeinuka na nyingine imeshuka. Nilipokuwa bado najifunza kazi nililaza ukumbi mmoja kwa namna hiyohiyo, kwa sababu ndivyo nilivyoonyeshwa. Baada ya miezi michache ukigonga mawe ya katikati yalikuwa yanalia kama debe tupu, na mawili yalikuwa yamepasuka. Kuyang'oa bila kuvunja mengine ilikuwa kazi ya siku nne. Tangu hapo simwekei mtu jiwe juu ya sakafu ambayo sijaipima mwenyewe.

Zipo gundi zilizotengenezwa kwa ajili ya vigae vikubwa na vizito, ambazo hukubali unene wa hadi milimita 12 hivi baada ya jiwe kukandamizwa. Nunua hizo, unazihitaji. Lakini unene huo umewekwa kwa ajili ya kasoro za mgongo wa jiwe lenyewe, maana mawe asilia hayalingani unene. Ukiutumia wote kuziba sakafu, jiwe nene na jiwe jembamba vikikutana utakuwa huna pa kukimbilia. Na vile vibano vya plastiki vinavyoshikanisha kigae na kigae visikudanganye. Vinasaidia kumalizia milimita moja juu ya sakafu iliyokwisha kunyooka. Juu ya bonde vinalivuta jiwe na kulishikilia kwa nguvu, na siku ukivivunja jiwe linabaki na mkazo ndani yake au linaachana na gundi.

Kipimo tunachokitumia ni hiki: kigae chochote chenye upande wa sentimita 38 au zaidi kinataka sakafu isiyopotoka zaidi ya milimita 3 ndani ya mita 3, na isiyozidi milimita moja na nusu ndani ya sentimita 60. Kwa vigae vidogo tungevumilia milimita 6 ndani ya mita 3, kwa sababu vingi vidogo huweza kulifuata bonde taratibu. Kipande cha sentimita 120 hakifuati bonde. Kinalivuka.

Hapa watu wengi huchanganya mambo mawili, hata mafundi wazuri. Sakafu iliyonyooka si lazima iwe leveli. Sakafu inaweza kuteremka sentimita 2 kutoka mlangoni hadi dirishani, pima maji ikakataa kabisa, na bado mawe yakalala juu yake vizuri, kwa sababu imeteremka kwa mstari ulionyooka. Na sakafu nyingine pima maji inaikubali pembe zote nne huku katikati ina tumbo. Jiwe halijali leveli. Linajali unyoofu. Leveli ni kwa ajili ya milango, kabati na macho yako. Kwa hiyo usimwambie fundi "iweke leveli" ukadhani umemaliza. Mwambie anyooshe, kisha muamue pamoja kama leveli nayo inahitajika, kwa sababu kuleta leveli chumba cha mita 9 kunaweza kula mifuko mingi ya saruji bila faida yoyote kwa jiwe.

Kupima kwenyewe ni kazi ya saa moja. Chukua rula ya mita 3, au ya mita 2 kama hakuna nyingine, uizungushe chumba kizima: kwa urefu, kwa upana, kwa mshazari. Kila inapobembea juu ya kitu, hapo pana kilima, chora msalaba kwa chaki. Kila mwanga unapopita chini, chora duara uandike milimita ndani yake. Ukimaliza simama mlangoni uitazame hiyo ramani. Mara nyingi utagundua kwamba bonde la milimita 9 kwa kweli ni bonde la milimita 4 lililokaa katikati ya vilima viwili vya milimita 5. Vilima vikisagwa, nusu ya kazi imekwisha na mifuko umeiokoa. Ndiyo maana nasema saga kwanza, jaza baadaye.

Kusaga, tumieni grenda yenye kikombe cha almasi na kifuniko kilichounganishwa na mashine ya kufyonza vumbi. Vumbi la zege lina silika, yaani chembe laini za madini ya mchanga, na silika ikiingia kwenye mapafu haitoki. Kitambaa cha puani hakitoshi. Vaeni barakoa maalumu ya vumbi laini inayobana uso, na watoto wasiwepo ndani ya nyumba siku hiyo.

Kabla ya kusaga, tuulize habari za ile rangi. Gundi inashika kitu cha juu kabisa ilichokikuta. Ikikuta rangi, inashika rangi, na jiwe lako linakuwa limening'inia kwenye rangi. Tabaka lote la rangi inabidi liondoke hadi zege litoe uso wake. Kama nyumba ni ya zamani, kipande cha rangi kipimwe kwanza kama kina madini ya risasi, maana rangi za zamani nyingi zilikuwa nayo, na kuisaga kavu ni kuwalisha wenye nyumba sumu. Usikubali dawa ya kuyeyusha rangi wala tindikali: vyote huacha mabaki ndani ya vinyweleo vya zege, na mabaki hayo huja kuisumbua gundi baadaye. Rangi ikishaondoka, dondoshea maji matone machache hapa na pale. Tone likizama ndani ya dakika chache na kuacha doa jeusi, zege limefunguka. Tone likikaa juu kama umande kwenye jani la mgomba, bado kuna mafuta, nta au dawa fulani, saga tena. Jaribu hivi na zege jipya pia. Mafundi wengine hulinyunyizia dawa ya kuzuia lisikauke haraka, na dawa hiyo nayo huikataa gundi.

Kisha kwaruza kwa msumari. Zege zuri linatoa mstari mweupe tu. Likitoka unga au kuchimbika, ngozi ya juu ni dhaifu, kwa kawaida ni ile saruji laini iliyopanda juu na maji wakati wa kumwaga. Iondoe. Halafu tembea na nyundo ukigonga kila hatua moja na kusikiliza. Penye mlio wa utupu, tabaka la juu limeachana na la chini, na hapo hakuna gundi wala praima (kimiminika cha kupaka kwanza ili kinachofuata kishike) itakayokuokoa. Kata kipande hicho ukijaze upya.

Ukishafika hapo ndipo unajaza mabonde kwa saruji inayojisawazisha yenyewe. Sina mengi ya kusema kuhusu kumwaga kwake, mfuko unaeleza, ila mambo ambayo watu huyapuuza ni haya. Praima si ya hiari: bila praima zege kavu hunywa maji ya mchanganyiko kabla haujatandaa, na hewa inayotoka kwenye vinyweleo huacha vitundu. Maji yapimwe kwa chombo, si kwa macho, maana maji yakizidi yanakupa uso mzuri kama kioo na dhaifu kama chaki. Muwe watu watatu au wanne, wawili wakichanganya bila kusimama na mmoja akimwaga, kwa sababu ukisubiri ndoo inayofuata, ile ya kwanza imeshaanza kushika na utapata ngazi. Funga madirisha jua lisipige. Na uangalie mfuko umeandikwa kwamba inafaa kuwa chini ya vigae na mawe. Zipo zilizotengenezwa kwa jasi. Gundi ya saruji ikiwekwa moja kwa moja juu ya jasi, vikikutana na unyevu hutengeneza fuwele zinazovimba na kubandua kila kitu. Kama huna hakika, nunua ya saruji. Ikikauka, rudisha rula. Usiamini jina la mfuko. Mara nyingi bado kuna kijilima cha kusagwa.

Sasa ufa, ambao ndio ulionifanya nikuandikie leo badala ya kusubiri. Ufa wa katikati ya zege moja, mwembamba, ambao pande zote mbili ziko sawa, ni zege lililosinyaa wakati wa kukauka. Huo unaishi nao. Ufa wako si huo. Wako ni mpaka wa mazege mawili yaliyomwagwa nyakati tofauti, pengine juu ya udongo ulioshindiliwa tofauti, na pale ulipokuwa msingi wa ukuta wa zamani. Mazege hayo yataendelea kwenda kila moja kivyake. Ukilaza jiwe la sentimita 120 likavuka mpaka huo, litakatika, na litakatika kwa mstari ulionyooka ukifuata ufa, kana kwamba mtu amelikata kwa msumeno.

Kwanza tujue linasogea vipi. Weka rula juu ya ufa: je, upande mmoja umeshuka? Pitisha kucha: inakwama? Kisha bandika vipande vitatu vya kioo chembamba kuvuka ufa, kimoja kila ncha na kimoja katikati, kwa gundi ya epoksi, ile ngumu ya kuchanganya sehemu mbili, uandike tarehe. Hii ni njia ya zamani na haijashindwa. Kioo kikivunjika, zege linatembea. Kikivunjika na upande mmoja ukawa chini kuliko mwingine, acha habari za mawe, mwite mhandisi, kwa sababu chumba kipya kinazama na hakuna kitu cha kulazwa juu yake kitakachovumilia.

Kama linatembea kwa mlalo tu, kufunga na kufungua, hapo tuna njia. Iliyo bora ni kuuheshimu ufa: panga mawe tangu mwanzo ili mstari wa maungio uangukie juu yake sawasawa, na mstari huo usijazwe grauti, yaani rojo gumu la kuziba maungio, bali silikoni, kutoka juu hadi chini. Iwe silikoni iliyotengenezwa kwa ajili ya mawe, kwa kuwa ya kawaida huachia mafuta yanayopenya marumaru na kuacha ukingo wenye doa lisilotoka. Saruji ya kujisawazisha nayo isivuke hapo. Weka kizuizi cha sponji kabla ya kumwaga. Njia ya pili ni utando wa kutenganisha nyufa, unaobandikwa juu ya zege kisha mawe yakalazwa juu yake. Utando mzuri huvumilia mwendo wa mlalo wa hadi milimita 3 hivi. Kushuka na kupanda hauvumilii. Kwa hali yako ningefanya vyote viwili, utando na mstari wa silikoni.

Na kwa kuwa tumegusa silikoni: kuta zote nne ziachiwe nafasi ya milimita 6 kati yake na jiwe, ifunikwe na ubao wa ukutani, isijazwe kitu kigumu. Ndani ya nyumba sakafu hutaka mstari laini kama huo wa silikoni kila mita 6 hadi 7 na nusu. Panapopigwa na jua kupitia vioo vikubwa mistari isogee, kila mita 2 na nusu hadi 3 na nusu. Sebule yako ya mita 9 ina bahati kwamba ufa umekaa mita 6, unakufanyia kazi hiyo.

Limebaki zege changa, na hapa ndipo nitakapokukatisha tamaa. Siku 28 zinazotajwa kila mara ni za zege kupata nguvu. Kukauka ni jambo jingine. Kanuni ya mafundi ni mwezi mmoja kwa kila sentimita 2 na nusu za unene. Kama mlimwaga sentimita 10, ni miezi minne, nanyi mna miwili. Kigae cha poseleni kingeweza kukuvumilia, marumaru haitakuvumilia. Maji yanayopanda kutoka kwenye zege hubeba chumvi, na jiwe lina vinyweleo. Chumvi hutokea juu kama unga mweupe au huganda chini ya uso na kuumenya. Marumaru nyeupe yenye chembe za chuma ndani yake hugeuka manjano kama kutu. Marumaru ya rangi ya kijani ndiyo ngumu kuliko zote, kwani nyingi kwa asili yake ni jiwe la sepentini, na hilo likinywa maji kwa upande mmoja linapinda. Kama yako ni ya kijani, hata gundi yenyewe isiwe ya maji, iwe ya epoksi. Huna hakika? Lowesha mgongo wa kipande kimoja jioni, asubuhi kiwekee rula usoni.

Kujua unyevu, bandika karatasi ya nailoni ya sentimita 45 kwa 45 juu ya zege, uzibe kingo zote kwa utepe, uache angalau saa 16. Ukifunua ukakuta matone au zege limekuwa jeusi, halijakauka. Ukikuta pakavu, bado hujamaliza, kwa sababu jaribio hili linaona maji ya juu tu. Kwa mawe ya thamani mimi hutaka kipimo cha ndani: tundu linatobolewa hadi asilimia 40 ya unene wa zege, kidude kinapima unyevu wa hewa humo, na namba hiyo inalinganishwa na inayoruhusiwa na mtengenezaji wa gundi. Na jiulize swali moja muhimu: je, chini ya zege lile jipya mlitandika nailoni kabla ya kumwaga? Kama hamkutandika, kusubiri miezi minne hakutasaidia, udongo utaendelea kulinywesha kila siku. Hapo unahitaji mipako ya epoksi ya kuzuia unyevu juu ya zege lililosagwa, ndipo praima na kujaza kufuate.

Neno fupi kwa wengine wenye sakafu ya mbao ghorofani, maana najua watasoma. Huko unyoofu peke yake hautoshi, kuna kunesa. Boriti ya mita 3.6 ikilemewa inaruhusiwa kushuka milimita 10 chini ya vigae vya kawaida. Chini ya mawe asilia ni milimita 5 tu, nusu yake. Mbao za saruji, vile vibao vinavyowekwa chini ya vigae, hazipunguzi kunesa hata kidogo. Kinachopunguza ni boriti zenyewe kuongezwa au kupigiwa mihimili, na plaiwudi mbili.

Rudi kwako. Pima na jumla ya kimo: jiwe milimita 20, gundi 6 hivi, na kile mtakachomwaga. Angalia milango kabla, isije ikakatwa baada ya mawe kuwekwa. Geuza kipande kimoja cha marumaru utazame mgongo wake; ukiona wavu uliobandikwa kwa utomvu wa kiwandani (resini), mwambie muuza gundi hivyo, kwa sababu gundi nyingi za saruji hazishiki utomvu. Na siku ya kulaza, jiwe la kwanza au la pili lililowekwa fundi alinyanyue mbele yako: asilimia 95 ya mgongo iwe imelowa gundi, na pembe zote nne zisikose.

Miezi hii miwili ya kusubiri inatosha kuondoa rangi, kusaga, na kuviangalia vile vioo. Mawe yenyewe yasimamishe kwa ukingo wa upande mrefu, yaegemee kidogo ukutani juu ya mbao kavu, uso kwa uso na mgongo kwa mgongo. Yasilazwe moja juu ya jingine, la chini litapasuka. Mbao mbichi zisiyaguse, maji yake ya kahawia yanaingia kwenye marumaru na hayatoki.